Mwaka wa Maji wa Mama Adolphine

Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, mji wetu wa migodi, Mama Adolphine Mbayo alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Sisi tuliokaa barabara moja naye katika mtaa wa Dilala tulimjua kama mjane mnyamavu, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi mweusi, na ambaye akisema atafika saa tisa, anafika saa tisa. Baba yake alitoka kaskazini ya Katanga kuja kuchimba shaba. Wazazi wote wawili walipofariki, Adolphine ndiye aliyemlea mdogo wake wa mwisho, Stany, akamsomesha na kumwoza. Yeye mwenyewe alisoma kemia katika shule ya ufundi, akapata diploma, akaingia maabara ya kampuni ya migodi akiwa msichana. Kwa miaka kumi na tisa alipima maji, udongo na mawe ya watu wengine. Wenye digri walikuja, wakaandika majina yao chini ya vipimo vyake, wakahamishwa.

Mmoja tu kati ya hao alimwambia asante kwa maandishi. Alikuwa Dokta Kazadi Mukendi, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Watu walimwita Mkasai kwa sababu ya wazazi wake, lakini alizaliwa hapa hapa Kolwezi na Kasai hakuwahi kufika. Alikaa Dilala katika nyumba ya kampuni pamoja na mke wake Blandine na watoto watatu. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, msahaulifu, mwenye kupoteza kalamu, na Adolphine alikuwa amezoea kubeba kalamu mbili kwa ajili yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1992, Dokta Kazadi alipokea kwa posta kijitabu kutoka Ulaya. Kilikuwa na orodha ya nafasi za utafiti kwa watu waliokwisha kupata udaktari, katika sayansi zote na uhandisi wote: fizikia, kemia, mimea, miamba, uyeyushaji wa madini, umeme, madaraja. Kwa Kifaransa jambo hilo huitwa post-doctorat. Mtu amemaliza masomo yake yote, ameitwa dokta, halafu anapewa mwaka mmoja au miwili katika maabara ya wenzake afanye utafiti wake mwenyewe, akiwa na vyombo, vitabu na watu wa kuulizana nao. Kijitabu hicho kilizunguka maabara nzima. Wakati huo kampuni ilikuwa inaanguka mbele ya macho yetu. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, dawa za maabara hazikufika tena, mishahara ilichelewa mpaka watu wakaacha kuiulizia. Mainjinia walisoma kijitabu wakati wa mapumziko, kila mmoja akitafuta ukurasa wake, hadi karatasi zikalegea.

Ukurasa wa Dokta Kazadi ulihusu maji ya chini ya ardhi katika nchi za migodi. Aliomba. Mwezi wa nane jibu likafika, na alimsomea Adolphine barua ile wakiwa wamesimama kando ya sinki. Profesa wa huko Ubelgiji alisema anamkubali kwa miaka miwili, ila kwa sharti moja. Alitaka Dokta aje na vipimo vya mwaka mzima wa maji, tangu mvua ya kwanza hadi mwisho wa kiangazi, bila kukatisha, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa navyo kutoka eneo lile. Nusu ya mwaka isingemfaa mtu. Ukipima masika peke yake, unaona maji yanapanda na hujui yanaenda wapi.

Kwa hiyo walianza Alhamisi, tarehe mosi ya mwezi wa kumi. Kati ya mashimo ya mgodi uitwao Mashamba na kijiji cha jirani kulikuwa na mabomba tisa ya chuma yaliyozamishwa ardhini zamani, kila moja na kifuniko chenye kufuli. Kila Alhamisi walishusha utepe wenye waya ndani ya bomba. Ncha yake ikigusa maji, inalia, nao wanaandika kina katika kaye, daftari la kazi. Kisha wanachota maji kidogo kwenye chupa. Na katika ua wa Dokta, Dilala, kulisimama kipima mvua juu ya nguzo ya mti, nacho kilisomwa kila siku saa moja asubuhi. Vipimo ishirini na vitano vilifanyika hivyo, wiki baada ya wiki, Dokta akiendesha gari la kazi na Adolphine akiwa na kaye magotini.

Cha ishirini na sita kingekuwa tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tatu, 1993. Wiki hiyo Wakasai wa Kolwezi walitolewa majumbani mwao.

Maneno yalikuwa yameanza zamani, kwenye redio na mikutanoni: kwamba Katanga ina wenyewe, kwamba wageni wamekula kazi zote. Mwaka uliotangulia tulisikia habari za treni zikitoka Likasi zimejaa watu. Halafu ikawa zamu ya mji wetu. Vijana walipita nyumba kwa nyumba, wakiwa na orodha. Wengine walichoma, wengine waliingia tu na kukaa. Familia ya Dokta Kazadi ilikimbilia kituo cha treni na masufuria mawili, godoro moja na sanduku la nguo. Maelfu ya watu walikuwa pale, chini, wakingoja mabehewa ambayo hakuna aliyejua yatakuja lini.

Adolphine aliwatafuta muda mrefu. Aliwakuta nyuma ya ghala la mizigo, wamefunga shuka kwenye uzio ili wapate kivuli. Alikuwa amewaletea unga na dumu la maji yaliyochemshwa. Blandine alivipokea kwa mikono miwili. Mtoto mdogo, Shekina, wa miaka mitatu, alikuwa amelala na homa. Dokta alisimama, akajaribu kutabasamu.

Alimwambia kwamba hajui wanapelekwa wapi, labda Mwene-Ditu, huko Kasai, labda mbele zaidi. Alimwomba asije tena pale kituoni, kwa sababu watu walikuwa wakiangalia nani anasaidia nani. Adolphine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Funguo ya mabomba iko wapi?" akauliza.

"Mama Adolphine, achana na ile mambo. Imekwisha. Usijiletee matata juu yangu."

"Sikuulizi juu yako, tata," akajibu, akimwita baba kwa heshima. "Nauliza funguo."

Dokta alizitoa mfukoni. Hakuwa amezisahau nyumbani, yeye aliyesahau kila kitu. Zilikuwa tisa katika waya mmoja.

"Tumepima mara makumi mbili na tano," Adolphine alisema. "Imebakia makumi mbili na nane. Kama tunaacha leo, ile yote tulifanya ni bure. Wewe, pale unafika, uandike barua kwa ule profesa. Umwambie vipimo viko naendelea."

Blandine ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. Alisema, "Amwandikie. Ataandika."

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Adolphine alikwenda Mashamba kwa baiskeli. Gari la kazi lilikuwa limechukuliwa. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja, na mvua za mwisho zilikuwa zimeifanya njia kuwa tope jekundu linaloshika magurudumu. Alipima mabomba yote tisa peke yake, akarudi na chupa zikigongana ndani ya kapu, akaandika katika kaye: kipimo cha 26, saa, hali ya hewa, mpimaji A. Mbayo. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye safu ile.

Mkuu mpya wa maabara aliitwa Barnabé, mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu na ambaye hakupenda makelele. Alimwita, akamwambia kwamba mradi wa Kazadi umefungwa na kwamba hana gari, hana chupa, hana dawa za kumpa. Adolphine alimjibu kwamba haombi gari. Aliomba tu Alhamisi iwe siku yake ya kazi za nje. Barnabé akamwuliza kama anajua watu wanasemaje. Akasema anajua. Mzee yule akavuta droo, akampa boksi la betri ndogo, la mwisho katika maabara, kwa ajili ya utepe. Kisha akamwambia hajampa kitu chochote.

Mabomba, basi, yalikuwa na njia. Shida kubwa ilikuwa kipima mvua, kwa sababu nyumba ya Dokta Kazadi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe mpya. Mwenyewe huyo alikuwa Stany.

Adolphine aligundua asubuhi ya pili baada ya Wakasai kutolewa, alipofika saa moja kamili kusoma mvua ya usiku. Aliona mkeka wa wifi yake, mke wa Stany, umeanikwa kwenye waya. Stany alitoka mlangoni akiwa amevaa kandambili za mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya, wala sisemi hivyo kumtetea. Alikuwa na miaka ishirini na saba, alisoma umakanika, na tangu amalize shule hakuwahi kupata kazi hata ya mwezi mmoja. Aliambiwa kazi yake imekaliwa na Mkasai, na hatimaye akaambiwa nyumba hii ni yake. Alimweleza dada yake kwamba kama asingeingia yeye, angeingia mwingine.

Adolphine alipita kando yake, akaenda kwenye nguzo, akasoma maji yaliyokuwa ndani ya kipima mvua, akaandika, akamwaga, akarudisha chombo mahali pake. Milimita kumi na mbili. Kisha akageuka.

"Hii nyumba haiko yako," alisema.

"Yaya," Stany alisema, kwani ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, "wewe unaona mi ni mwizi?"

"Mi naona nyumba ya Tata Kazadi. Nitakuya kila asubuhi, saa moja. Usiguse ile nguzo, na batoto basicheze na ile kitu. Ingine mambo tutasema siku unataka kusikia."

Angeweza kukihamishia kipima mvua uani kwake, na sisi majirani tulimshauri hivyo. Alituambia kwamba ukikihamisha katikati ya mwaka unakuwa na miaka miwili nusu nusu, na kwamba miti ya ua wake ingekinga mvua. Alikuwa sahihi, lakini sidhani kwamba hiyo ilikuwa sababu yake yote. Basi kila asubuhi alikwenda. Wifi yake alimfungulia geti. Mara nyingine Stany alikuwa amekaa kibarazani, wakasalimiana kama ndugu wanavyosalimiana msibani.

Mwezi wa tano mvua zilikoma. Anga likawa la bluu kavu, na vumbi likaanza kukaa juu ya kila kitu. Adolphine aliendelea kuja, anachungulia chombo, anaandika sifuri. Siku moja Stany alicheka. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Yaya, mvua haiko. Unakuya kupima nini?"

"Niko napima kama haiko," alisema, akaondoka.

Barua ya kwanza kutoka kwa Dokta Kazadi ilifika mwezi wa sita. Aliileta Feruzi, mfanyabiashara mwenye kamio, lori kuukuu la mizigo, ambaye wazee wake walitoka Maniema na ambaye msikitini kwao watu wote walimjua kwa ukweli wake. Feruzi alinunua muhogo na mahindi upande wa Kasaji, akauza Kolwezi na Likasi, na mara nyingine alishuka na mizigo hadi mpaka wa Zambia. Barua ilikuwa imetoka Mwene-Ditu mfukoni mwa mfanyakazi wa reli, ikapita mikono mitatu kabla ya kumfikia. Feruzi aliitoa ndani ya kofia yake, akasema pole kabla hata Adolphine hajaifungua, kwa maana habari zilikuwa zimetangulia kwa mdomo.

Walikaa kituoni siku kumi na tisa, Dokta aliandika. Treni ilichukua siku kumi na moja nyingine, ikisimama porini bila maji. Shekina alifariki kabla treni haijafika Kamina. Surua. Walimzika kando ya reli pamoja na watoto wengine wanne, na yeye Dokta aliandika jina la mtoto juu ya kipande cha ubao kwa msumari. Sasa wanakaa katika darasa la shule pamoja na familia sita. Amemwandikia profesa, na profesa amejibu kwamba atamwekea nafasi hadi mwisho wa mwaka, ila sharti ni lile lile. Mwishoni alikuwa ameandika: "Nieleze maji yamefikia wapi. Kila bomba. Sina kitu kingine ninachoweza kukifikiria bila kulia."

Adolphine aliisoma akiwa amesimama. Feruzi anasema hakulia mbele yake. Alimwomba angoje, akaingia ndani, akanakili kwa mkono vipimo vyote tangu cha ishirini na sita, bomba kwa bomba, akamkabidhi. Chini aliandika maneno machache kuhusu mtoto. Hayo sikuyajua, na hakuwahi kuyasema.

Kiangazi kilikuwa kigumu. Betri za Barnabé zilikufa katikati ya mwezi wa sita. Adolphine alichukua kikombe kidogo cha shaba, akakitoboa kitako, akakifunga kikiwa kimepinduliwa kwenye ncha ya utepe wa kawaida. Kikombe kikiangukia maji kilitoa mlio mfupi, pop, na kwa kusikiliza vizuri aliweza kujua maji yako wapi. Lakini hakuridhika. Je, kama kikombe kinasema tofauti na waya? Alimwendea Feruzi akaazima betri za redio yake kwa siku moja, Alhamisi, akapima kila bomba mara mbili, kwanza kwa waya na kisha kwa kikombe. Tofauti ilikuwa sentimita moja. Aliandika hilo pia katika kaye, kwa kalamu nyekundu, kisha akarudisha betri jioni ile ile ili Feruzi asikose habari.

Mwezi wa saba aliugua malaria akalala wiki mbili. Aliporudi Mashamba alikuta askari wamefunga njia kwa sababu ya wizi wa nyaya, akarudishwa. Hizo zilikuwa Alhamisi tatu bila kipimo. Halafu alipopata kupita, alikuta bomba la sita limevunjwa kufuli na kujazwa mawe mpaka juu.

Barnabé alimpa ushauri, na aliutoa kwa wema. Alimwambia kwamba kiangazi maji hushuka polepole, kwa kipimo kinachojulikana. Mtu yeyote mwenye rula angeweza kuunganisha namba ya mwisho na namba ya sasa na kujaza zile tatu za katikati, na hakuna duniani atakayejua. Bomba la sita vile vile. Sharti lilikuwa bila kukatisha. Dokta Kazadi angeweza kukosa nafasi yake kwa sababu ya homa ya mtu mmoja.

Adolphine alikaa na kaye ile mbele yake Jumapili nzima baada ya misa. Najua kwa sababu nilipita kuomba chumvi nikamkuta hivyo, kalamu mkononi. Aliniambia kwamba namba zenyewe anazijua, zinaweza hata kuwa za kweli. "Lakini sikuziona," alisema. Akaandika mbele ya tarehe zile tatu: haikupimwa, mpimaji mgonjwa, haikupimwa, mpimaji mgonjwa, haikupimwa, njia imefungwa. Na mbele ya bomba la sita: limejazwa mawe. Safu ya mvua ya siku alizolala mgonjwa nayo aliiacha tupu. Kisha akafunga kaye akanipa chumvi.

Kuhusu mawe hayo alikwenda kwa Stany, kwa sababu alijua waliofanya ni vijana aliotembea nao. Hakumlaumu. Alimwambia tu avae viatu. Walikwenda wote wawili, kila mtu na baiskeli yake, na kule alimwonyesha mabomba moja baada ya moja, akamfanya asikilize kikombe. Stany aliuliza maji yale ni ya nani. Akamwonyesha kijiji: wanawake walikuwa wanachota kisimani, hatua mia chache kutoka bomba la nane. Akamweleza kwamba maji ya shimo yakielekea kule, kisima kitakuwa kibaya, na kwamba mtu pekee aliyetaka kujua kama yanaelekea kule ni yule waliyempandisha treni.

Stany hakuomba msamaha, siku hiyo wala baadaye. Ila mabomba manane yaliyobaki hayakuguswa tena, na kufuli jipya, ambalo Adolphine hakulinunua, lilionekana kwenye bomba la nane, ufunguo ukining'inia humo.

Katika barua ya pili, mwezi wa nane, Dokta Kazadi aliuliza jambo ambalo Adolphine alikuwa analiogopa. Aliuliza nani anakaa nyumbani kwao. Blandine alitaka kujua, aliandika, kwa sababu aliacha picha za ubatizo wa watoto juu ya kabati, na miongoni mwazo picha ya pekee ya Shekina.

Adolphine angeweza kukwepa. Angeweza kuandika kwamba ni watu tu. Badala yake alikwenda asubuhi saa moja kama kawaida, akaandika sifuri yake, akagonga mlango. Alimwambia Stany kuna picha juu ya kabati. Stany alijibu kwamba waliziona, kwamba mke wake alikataa zitupwe, na akazileta zikiwa ndani ya bahasha. Adolphine aliziangalia, akakaa chini pale pale kibarazani.

"Namwandikia leo," alisema. "Nitamwambia ni wewe."

"Yaya, usiandike jina yangu."

"Wewe ni mutoto nililea. Kama sisemi, atafikiri mi nilijua tangu mwanzo, nikakusaidia. Na atakuwa na haki."

Stany alimwomba mara ya pili, kwa sauti ya zamani, ya wakati alipokuwa mdogo. Alimkatalia. Barua hiyo aliiandika kwa Kifaransa safi cha shuleni, bila kujitetea: nyumba yenu inakaliwa na mdogo wangu Stany, nimemwambia si yake, hakutoka, na mimi huingia humo kila asubuhi kupima mvua. Aliambatanisha picha na vipimo vya mwezi. Feruzi alichukua bahasha, akaiweka pale pale ndani ya kofia.

Jibu halikuja mwezi wa tisa. Adolphine alifikiri mambo yamekwisha, kwamba Dokta hataki tena chochote kutoka mkononi mwake. Aliendelea. Alhamisi ya mwisho ilikuwa tarehe thelathini. Joto lilikuwa kali, mawingu yalikuwa yanaanza kujikusanya upande wa magharibi lakini hayakuleta kitu. Alipima mabomba manane. Alipomaliza lenye namba tisa, la mwisho, alibaki amekaa juu ya kifuniko chake, kwa muda, aliniambia, bila kuwaza chochote, halafu akapanda baiskeli akarudi kazini kuosha chupa.

Alinakili kaye nzima mara mbili, kurasa sitini na kitu. Nakala moja ilikwenda kaskazini kwa njia ya reli. Ya pili Feruzi aliibeba hadi Zambia, na huko akaipeleka posta kwa mkono wake, ikiwa na anwani ya profesa. Adolphine aliongeza barua fupi akieleza yeye ni nani, kikombe ni nini, na kwa nini kuna nafasi tupu.

Mwezi wa kumi na mbili Dokta aliandika. Profesa alikuwa amepokea. Alimwuliza Dokta kwa simu ya misheni huyu A. Mbayo alisoma chuo kikuu gani, na alipoambiwa kwamba hakusoma chuo kikuu, alisema kwamba angekuwa na wasiwasi zaidi kama angeona kiangazi kizima kimejazwa bila pengo katika nchi iliyo katika hali ile. Nafasi ilithibitishwa. Dokta angeondoka kupitia Kinshasa mwezi wa pili. Blandine na watoto wawili wangemfuata. Kuhusu nyumba aliandika mstari mmoja. Alisema amesoma, kwamba Blandine amepata picha, na kwamba kwa sasa hawezi kusema zaidi.

Hakusema zaidi kamwe. Stany alikaa katika nyumba ile, watoto wake wakakulia humo. Kazi aliyoahidiwa hakuipata, kwa maana kampuni iliendelea kuanguka bila Wakasai kama ilivyoanguka nao, na hatimaye alitengeneza baiskeli za watu chini ya dirisha. Dada yake hakula kwake tena mpaka mama mkwe wake Stany alipofariki, na hata siku hiyo alikula amesimama.

Makala ya vipimo vile ilichapishwa mwaka 1995. Jina la Kazadi lilitangulia, la Mbayo likafuata, kisha profesa. Maji, ilisema, huelekea kijijini wakati wa kiangazi, polepole, na kisima kile kingefaa kuhamishwa ndani ya miaka michache. Adolphine alikibeba kijarida mwenyewe hadi kwa chifu wa kijiji, akamsomea na kumtafsiria. Kisima kilihamishwa na wanakijiji wenyewe, kwa majembe, kwenda upande wa juu.

Mwaka huo huo Dokta alimtumia kijitabu kipya cha nafasi, akamwambia asome, labda kuna kitu. Adolphine alikisoma chote, kuanzia fizikia hadi uhandisi wa barabara. Kila ukurasa ulidai udaktari uliopatikana ndani ya miaka mitano. Alinionyesha kwa kidole, akacheka kidogo. Kisha alimwandikia profesa barua ambayo haikuomba safari wala masomo. Alieleza kwamba mwaka mmoja wa maji unaonyesha mwaka mmoja tu, na kwamba utepe wake una fundo katika mita ya kumi na nane.

Miezi minne baadaye Feruzi alishusha kifurushi kutoka kwenye kamio lake. Ndani kulikuwa na utepe mpya wa mita hamsini, betri za kutosha na kaye kumi. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi Adolphine alikwenda Mashamba, na asubuhi ile ile kabla ya kwenda alipita kwa Stany, saa moja kamili, akasoma mvua.